Kozi ya redio ya VHF ya boti hapa Uingereza, uzoefu wangu

Nimefanya kozi ya VHF huku Southampton, ile ya cheti cha SRC, yaani cha kuruhusiwa kutumia redio hiyo ya boti, kinachotolewa na RYA (chama cha waendesha boti cha huku), na kwa kweli nimeridhika nayo sana. Ni ya siku moja, onlaini pia ipo ila me nawashauri muende darasani maana faida yote iko kwenye zile redio za mazoezi, kila mtu na yake mezani, unabonyeza maiki unaongea na mwalimu anakujibu kama yeye ndo Coastguard (walinzi wa pwani wanaopokea wito wa dharura), mnarudia weee mpaka mdomo unazoea.

Meidei, ule wito wa kuomba kuokolewa, ukiisoma kitabuni unaona rahisi, sasa itamke kwa mpangilio watu wanakusikiliza uone. Unafunua kifuniko, unakandamiza batani nyekundu mpaka redio ithibitishe kuwa imetuma, yenyewe inapeleka taarifa kidijitali chaneli 70 pamoja na namba yako ya MMSI ya tarakimu 9 inayoitambulisha redio ya boti yako, na kama imeungwa na GPS inataja mpaka ulipo. Halafu ndo unaongea chaneli 16, ile ya wito wa dharura, kwa nguvu ya wati 25: meidei mara 3, jina la boti mara 3, uko wapi, kimetokea nini, unataka msaada gani, mko wangapi. Mwalimu alikazania sana useme ulipo kabla hujaanza kueleza shida, maana redio ikikata katikati angalau wanajua pa kukufuata.

Na wale wanaosema simu inatosha, jamani, simu anasikia mtu mmoja, redio inasikika kwa kila boti iliyo karibu na inayosikiliza 16, na huyo wa karibu ndo anaweza kukufikia kabla ya waokoaji.

Kilichoniudhi ni hela ya mtihani, inalipwa kivyake na tangazo la shule halikusema hivyo wazi. Alfabeti ya kutaja herufi redioni nayo, Alfa, Bravo, Charlie, waliipitia haraka mno, sisi ambao Kiingereza tumejifunzia shule ni bora uishike nyumbani kabla hujaenda.

Kingine, msisome mtu mmoja tu kwenye boti. Kwenye hatari sheria inamruhusu yeyote kutumia redio, lakini aliyeanguka majini anaweza akawa ndo huyohuyo mwenye cheti, sasa nani atabonyeza? Mke wangu nshamwandikisha kozi ya mwezi ujao.