Diploma ya ushauri nasaha au kozi fupi ya uraibu?

Kwa anayetaka kushauri waraibu Kisumu, diploma huchukua takriban miaka 2 na huwa na mazoezi chini ya msimamizi. Hiyo ndiyo njia ya kuelekea usajili chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Kozi fupi huisha kwa wiki kadhaa, lakini hufundisha mambo ambayo diploma nyingi huyapitia juu juu, hasa hatari za kuacha kilevi. Mlevi sugu wa chang'aa akikatiza ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48: hospitali kwanza, ushauri baadaye.

Pesa zikitosha kimoja tu, anza na diploma. Na kila kikao cha mazoezi kitiwe sahihi na msimamizi siku hiyo hiyo. Msimamizi akihama, saa zisizo na sahihi ni vigumu kuzithibitisha.