Treni ya mvuke ya Silverton: panda nayo, shuka kwa basi

Wengi wanaokata tiketi ya reli ya Durango na Silverton, jimboni Colorado, Marekani, huchukua ya kwenda na kurudi kwa treni. Si chaguo bora. Njia ni ya kilomita 72, saa tatu na nusu kila upande, na katikati mnakaa Silverton kama saa mbili. Siku nzima imekwisha, na wakati wa kurudi unapita korongo lile lile nyuma ya injini ambayo haina kazi kubwa tena zaidi ya kushikilia breki. Kampuni yenyewe huuza pia tiketi ya treni upande mmoja na basi upande wa pili. Basi hutumia kama saa moja na nusu. Kata hiyo, na uhakikishe treni ndiyo ya kupandia kwenda Silverton.

Durango iko mita 1,988 juu ya usawa wa bahari; Silverton, mji wa wachimba fedha na dhahabu ambao reli iliufikia Julai 1882, uko mita 2,840, juu kuliko stesheni ya Timboroa kule Kenya. Kilomita 18 za mwanzo ni bonde tambarare lenye nyumba na barabara ya lami kando. Hapo kunywa chai yako. Baada ya Hermosa kilima huanza, kama mita 25 kwa kila kilomita, na injini hubadilika sauti: kila mpigo wa mvuke unausikia peke yake.

Injini zenyewe ni za kutazamwa kabla ya kuondoka. Zile za kundi la K-28 zilitengenezwa na kampuni ya ALCO mwaka 1923, za K-36 na kampuni ya Baldwin mwaka 1925. K ni aina ya Mikado, yenye magurudumu manane ya kuvuta. Nambari ni nguvu ya kuvuta katika maelfu ya pauni. Reli ina upana wa milimita 914, finyu kuliko reli yetu ya zamani ya mita moja, ila injini ni kubwa ajabu kwa njia hiyo. Ndiyo maana fremu imewekwa nje ya magurudumu, na unachokiona kikizunguka ubavuni ni mikono ya chuma, magurudumu yamejificha ndani.

Anayetarajia harufu ya makaa ya mawe ajue hayachomwi tena. Juni 2018 moto uliopewa jina 416 uliteketeza kama eka 54,000 za msitu. Serikali ya Marekani ilisema ulianzishwa na cheche za treni, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20. Injini za mvuke zimegeuzwa kutumia mafuta. Mafuta hupulizwa tanuruni kwa mvuke yakiwa matone madogo. Hewa ikipungua, moshi huwa mweusi. Masizi yakijazana kwenye mabomba ya boila, mchochea moto hutupa mchanga kupitia mlango wa tanuru, na mvuto wa hewa huupitisha mabombani ukiyakwangua. Wingu jeusi zito litakalotoka ghafla ni hilo, hakuna kilichoharibika. Ukiwa kwenye mabehewa ya mbele, funga dirisha.

Kaa upande wa kulia ukitazama mbele. Baada ya Rockwood reli hupita kwenye ukingo uliochongwa ubavuni mwa jabali, na mto Animas uko chini kabisa upande huo. Wanaorudi kwa treni huipata mandhari hiyo upande wa kushoto, kwa kuwa Silverton treni nzima hugeuzwa kwenye reli za pembetatu. Wa basi hawana nafasi ya pili. Mbele kidogo, kwenye daraja la juu, dereva huenda akapuliza boila: maji na tope la madini hutoka ubavuni kwa kishindo cha mvuke. Tope likiachwa, maji hutoa povu na kuingia silinda, na maji hayabanwi kama mvuke. Silinda inaweza kupasuka.

Mabehewa ya wazi ndiyo bora kwa picha, ila beba jaketi na koti la mvua hata Julai: mchana wa Julai na Agosti mvua za milimani hazibishi hodi. Kunywa maji mengi pia. Kichwa kuuma Silverton ni kwa sababu ya mwinuko.

Saa mbili za Silverton huliwa na foleni za chakula, maana abiria wote hushuka pamoja. Pita migahawa iliyo karibu na treni, nenda mtaa wa Greene, au beba chakula na uutembee mji. Ziara ya mgodi wa Old Hundred ulio nje ya mji nayo yataka saa nzima chini ya ardhi, usiibane humo.

Wakati wa baridi treni haifiki Silverton. Huishia Cascade Canyon, kwani huko mbele maporomoko ya theluji hufukia reli. Ni safari nzuri, lakini mji wenyewe hutauona.