Wanagenzi wa ushonaji wanaosomeshwa na serikali: maoni ya mwenye karakana aliyewapokea

Wenzangu kadhaa wenye karakana wameniuliza kama inafaa kupokea wanagenzi wa ushonaji, yaani vijana wanaojifunza ufundi chuoni na kazini, wanaosomeshwa kwa fedha za serikali. Nawajibu kwa urefu, kwa sababu ukimwambia mtu "wapokee tu" bila kumweleza atakachokutana nacho, hujamsaidia.

Mimi nashona sare hapa Morogoro, za shule na za walinzi. Wafanyakazi wangu wanazidi kumi, kwa hiyo kila mwezi nikipeleka PAYE (kodi ya mishahara) kule TRA napeleka na SDL, ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Haikatwi kwenye mshahara wa fundi. Inatoka mfukoni mwa mwajiri, kwa asilimia ya mishahara yote anayolipa. Zamani mwenye wafanyakazi wanne tu alikuwa anadaiwa, mwaka 2021 idadi ikapandishwa hadi kumi, na Julai 2023 tozo yenyewe ikashuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Theluthi moja ya makusanyo ni ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili zinabaki Hazina. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wanayaita mafunzo haya "ya bure", na kitu cha bure mtu huona haya kukikagua. Si ya bure. Mwajiri amelipia, mlipa kodi amelipia, na kijana amelipia kwa miezi yake ambayo angeweza kuwa anauza hata maji stendi ya Msamvu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tangu mwaka wa fedha 2016/17 serikali imekuwa na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndani yake kuna uanagenzi, kuna utarajali wa wahitimu, yaani mazoezi ya kazi kwa waliomaliza masomo, na kuna urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunzia mtaani. Kwenye uanagenzi serikali inakilipa chuo ada, chuo kinamfundisha kijana, na sehemu ya mafunzo anaifanyia kazini kwa watu kama mimi. Silipwi, wala sikuomba kulipwa. Natoa cherehani, uzi, vitambaa vya kujifunzia, na muda wa fundi ambaye saa hiyo angekuwa anamaliza oda.

Chuo kilichoniletea vijana sitakitaja. Nitasema nilichokiona.

Vijana wenyewe nawapa alama zote. Walifika mapema, "shikamoo mama" kwa kila mkubwa aliyekuwa mle ndani, simu mfukoni. Kuchukua vipimo walijua. Kuchora patani ya sketi na shati, ule mchoro wa kukatia kitambaa, walijua, tena binti mmoja wa Kilosa alichora kwa usafi kuliko fundi wangu wa kukata, na fundi mwenyewe alikiri. Hapo chuo kilifanya kazi yake na nasifu.

Shida ilianza walipokaa kwenye mashine. Karakana yangu inatumia cherehani za umeme zile za kiwandani. Ukigusa pedali kwa nguvu, kitambaa kinaondoka na sindano inaweza kuondoka na kidole. Vijana wote walikuwa wamefundishwa kwa cherehani za kukanyaga, tena kwa kupokezana, mmoja anashona wengine wamesimama wanatazama. Ovaloki, mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, walikuwa hawajawahi hata kuipitisha uzi. Nikamuuliza yule binti, mwanangu, chuoni kwenu mashine za umeme hamna? Akanijibu kwa sauti ndogo: "Zipo mama, ila ziko stoo kwenye maboksi. Tuliambiwa zinasubiri umeme ufungwe."

Jibu hilo limenikaa rohoni. Fikiria mkaguzi anayekuja na faili. Hati ya manunuzi ipo, ankara ipo, mzigo umepokelewa na mtunza stoo amesaini, na akitaka kuziona mashine anafunguliwa mlango anazihesabu moja moja, zimetimia. Fedha haijaibwa hata shilingi. Na darasa zima limehitimu bila kuzigusa. Tunapozungumzia uwajibikaji wa fedha za mafunzo tunawaza wizi, na wizi upo, lakini kinachowaumiza vijana hawa mara nyingi ni fedha iliyotumika kihalali kabisa ikaishia kwenye boksi.

Kila mwisho wa Machi CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti zake, kisha zinapelekwa Bungeni na PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, inazifanyia kazi. Nazifuatilia redioni kila mwaka na ninaiheshimu ile kazi. Pamoja na ukaguzi wa hesabu, ofisi ile inafanya pia ukaguzi wa ufanisi, yaani kuuliza kama kilichonunuliwa kimeleta kilichokusudiwa. Mafunzo ya ufundi ndiko mahali pa kuuliza swali hilo kuliko pengine popote, maana ujuzi hauwekwi kwenye leja. Anayetaka kujua kama kijana amefundishwa kushona lazima ampe kitambaa.

Kuna mtu mmoja aliyefanya hivyo hivyo, na ndiye aliyenifanya nisikate tamaa. Mwalimu wao wa vitendo, mama mtu mzima, alikuwa anakuja karakanani kwa bodaboda bila kupiga simu kwanza. Anasalimia, anachukua shati kutoka kwenye rundo la kijana, analigeuza ndani nje. Nje ya shati hata haangalii. Anapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, anavuta kidogo kuona kama uzi umekazwa sawa juu na chini, kisha anakwenda kwenye kola. Kola ya shati la shule ndiyo inayomsema fundi: ncha mbili zinatakiwa zilingane, na kile kitambaa kigumu cha ndani kisijikunje baada ya kufuliwa. Alikuwa anazikunja ncha mbili pamoja mbele ya macho ya kijana. Zisipolingana anamwambia, "Fumua." Basi. Halafu ananiuliza mimi: huyu amewahi kuchelewa, huyu amekwishawekwa kwenye ovaloki, huyu mbona mashati yake leo ni machache kuliko ya wiki iliyopita? Majibu anayaandika kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu fomu aliyopewa na chuo ilikuwa na sehemu ya mahudhurio tu.

Vijana waliokuwa chini yake walitoka mafundi. Wawili nimewaajiri mimi. Kundi jingine lilikuwa chini ya mratibu ambaye uso wake niliuona mara ya kwanza alipoleta fomu za mwisho nisaini. Kabla ya hapo alikuwa anapiga simu: "Vijana wanaendeleaje mama? Haya, tuko pamoja." Tofauti ya makundi yale mawili ilikuwa wazi kwa yeyote anayeshika shati.

Na hizo fomu za mwisho nizieleze, kwa sababu wenzangu mtaletewa. Ni karatasi inayothibitisha kwamba kijana fulani amemaliza mafunzo ya vitendo kwako, jina lako, sahihi yako na muhuri wa biashara yako. Kwenye rundo nililoletewa kulikuwa na jina la kijana ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu. Nikamuuliza mratibu. Akasema yule alipangiwa hapa lakini alipata dharura ya kifamilia, ni suala la kukamilisha idadi tu, chuo kisipokamilisha idadi kinaharibu taarifa yake kwa waliotoa fedha. Aliongea kwa heshima na sidhani kama ni mtu mbaya. Sikusaini. Siku chache baadaye akarudi akaniomba tena, safari hii akiwa na mwenzake, na bado sikusaini.

Muhuri wangu ukikaa pale, kijana ambaye hajui kushona anakuwa na karatasi inayosema mimi nimemfundisha. Ataipeleka karatasi hiyo kwa mwenzangu wa Dodoma au Dar, atakabidhiwa mashine, ataharibu mzigo, na yule mwajiri ataacha kuziamini karatasi zote, pamoja na ya yule binti wa Kilosa anayechora patani kama amezaliwa na rula. Naomba kila mwenye karakana alitazame hivyo. Sahihi yako ndiyo ukaguzi pekee ambao serikali inao ndani ya mlango wako.

Sasa, programu hii hii inajua kufanya vizuri ikitaka. Fundi wangu wa kukata hakuwahi kusoma chuo. Alijifunzia barazani kwa mjomba wake akiwa kijana mdogo. Alipokwenda kwenye urasimishaji wa ujuzi hakupewa cheti kwa kujaza fomu. Alihojiwa, akapewa kitambaa, akakata na kushona watu wanamtazama, akaambiwa wapi yuko imara na wapi ana pengo, akafundishwa lile pengo, ndipo cheti kikaja. Anayepima hakuwa aliyemfundisha, wala hakupata faida yoyote fundi wangu akifaulu. Kwa nini mwanagenzi naye asipimwe hivyo? Chuo kinacholipwa ada kwa kila kichwa, kisha chenyewe kinahesabu vichwa na chenyewe kinatangaza waliofaulu, kimepewa mzigo ambao hata mtu mwaminifu utamwelemea. Ningependa sehemu ya malipo izuiwe mpaka mtu wa nje ashike kazi ya mikono ya kijana, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya kupiga simu miezi sita baadaye kumuuliza yuko wapi na anafanya nini. Mimi nimewapigia waliopita kwangu kwa vocha yangu. Baadhi wanashona nyumbani, baadhi wameacha, mmoja yuko saluni. Chuo hakijanipigia kuniuliza lolote.

Mkiniuliza nyota, natoa tatu kati ya tano. Mbili ni za vijana wenyewe na msingi wa darasani, moja ni ya yule mama mwalimu. Nyota nilizozuia ni za mashine zilizokaa stoo na za fomu.

Wapokeeni. Ila kabla ya kukubali, kiambieni chuo kiwaandikie jina la mwalimu atakayekuja na ni kila baada ya muda gani, na mkubaliane kwamba asipokuja hamsaini. Muulizeni kijana siku ya kwanza, akiwa peke yake, ametumia mashine gani. Wekeni daftari lenu la mahudhurio, msitegemee la chuo. Na vijana mnaosoma haya: fomu ya kupokea vifaa msiisaini kabla vifaa havijawa mikononi mwenu, hata kama mnaambiwa vinakuja wiki ijayo. Sahihi yako hapo ina nguvu sawa na yangu.

Mimi nimeandika barua chuoni kuomba orodha ya vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya mafunzo yale na tarehe ambayo kila mashine ilianza kutumika. Nimetumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inazigusa hata taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma, na inataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30. Nakala yenye muhuri wa mapokezi ninayo. Wakinijibu nitaweka hapa hapa walichosema, na wasiponijibu nitasema pia.