Laibrari ya kuongea na API: ipi uchukue kama kazi zako ziko Lamu

Nazungumzia zile laibrari za bure za chanzo huria, ambazo programu yako yazitumia kuongea na mifumo ya watu wengine kupitia API, yani mlango ambao mfumo mmoja waufungulia programu nyingine, M-Pesa, hali ya hewa, ramani, booking na kadhalika. Hulipi hata shilingi lakini ni kununua vilevile, kwa sababu ukishajenga saiti ya gesti ya Shela juu yake, kuja kuitoa ni kazi upya na mwenye gesti hatakulipa mara ya pili.

Mi nazipanga kwa swali moja tu, netiweki ikikwama yafanya nini? Nyota za GitHub, zile alama za watu kupenda mradi, sizishughulikii sana. Mapitio mengi yameandikwa na watu walio na faiba mezani wanapima kasi, ipi imewahi kwa milisekunde ngapi, na wewe mteja wako yuko kwenye boti kati ya Mokowe na Amu, au yuko Kizingitini simu inaonyesha mtandao upo lakini hakuna kinachopita, ombi limetoka jibu halirudi. Hapo ndo utazijua tabia zake. requests ya Python, axios ya JavaScript na Guzzle ya PHP, zote tatu zinapendwa sana na zote tatu usipoziwekea muda zangoja bila kikomo, yani programu yako imesimama hapo inasubiri jibu lisilokuja na mteja ameshafunga simu kaenda zake.

Haya, orodha yangu.

Namba 1 ni ky, kama waandika JavaScript. Ni ya Sindre Sorhus, leseni MIT, imekaa juu ya fetch iliyomo tayari ndani ya brauza na Node kwa hivyo haikuletei vifurushi vingine nyuma yake. Bila kuiambia chochote yangoja sekunde 10 alafu yakata, GET, yani ombi la kusoma tu, ikifeli yarudia yenyewe mara 2, na seva ikijibu 429 (maombi yamezidi) ikasema subiri kiasi fulani, yasubiri kweli. Kubwa zaidi ni kwamba POST, yani ombi la kutuma kitu kama malipo, hairudii mpaka uiambie wewe.

Hapo kwa POST tukae kidogo maana ndipo pesa zinapopotea. Chukulia mtu analipia safari ya dau kwenda Manda Toto kwa STK Push, lile dirisha la M-Pesa linalotokea kwenye simu likitaka PIN. Programu imetuma ombi Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, jibu likapotelea njiani. Wewe hujui kama ombi lilifika au halikufika. Sasa laibrari ikiwa ya kurudiarudia tu, au umeenda kuiwasha kurudia kwa kila kitu, mteja anatokewa na dirisha la PIN mara mbili na mgeni mwenye haraka ataweka PIN mara mbili, alafu kazi ya kumrudishia hela ni yako na kelele ni zako. Kama ulishapata CheckoutRequestID, ile namba ya ombi ambayo Daraja yakupa, uliza hali ya muamala kwanza, Daraja ina ombi lake la kuuliza. Kama hukuipata, ngoja lile jibu ambalo Daraja yatuma baadaye kwenye URL yako kabla hujatuma jingine. Na lile jibu halirudishi AccountReference, yani rejea ya malipo uliyoweka mwanzo, watu wengi hili hawalijui mpaka wameingia msimu wa Disemba, kwa hivyo tia namba ya booking ndani ya URL yenyewe ujue hela zilizoingia ni za nani.

Namba 2, httpx, kwa watu wa Python. Muda wa kungoja umewekwa tayari, sekunde 5 za kimya. Yafanya kazi kwa njia ya kawaida na ya async (maombi mengi bila moja kungoja jingine) bila kubadilisha laibrari. Kurudia kwake ni kwa uchache sana, ukiiwashia yarudia tu pale muunganisho wenyewe ulipokataa kufunguka, jambo ambalo mi nalipenda. Kinachonikera ni kwamba toleo lake limekaa miaka na miaka likianza na sifuri, kwa hivyo funga namba ya toleo kwenye mradi wako usije ukaapdeti ukakuta kitu kimehamishwa. Pia URL ikihamishwa haifuati mpaka uiruhusu, usishangae ukipata 301, jibu la "imehamia kwingine".

Namba 3, kile kiteja cha HTTP (cha kutuma maombi) kilichomo ndani ya Laravel, fremu ya kujengea saiti kwa PHP. Chini yake ni Guzzle ileile, lakini Laravel wameiwekea sekunde 30 na kurudia ni mstari mmoja. Kama gesti yako iko kwenye PHP tayari usihangaike kutafuta kingine. Angalia tu kwamba 500 (kosa la seva) ikija hailii yenyewe, lazima uite throw.

Namba 4 requests. Ndio, najua, kila mtu kaanzia hapo, iko tangu 2011 na maelezo yake ni mazuri kupita zote. Wenyewe wamesema hawaongezi vitu vipya, na hilo si kasoro, laibrari iliyotulia ni salama. Ila muda wa kungoja uweke wewe kila ombi, na kurudia wapitia kwa HTTPAdapter na Retry ya urllib3, laibrari iliyo chini yake, ambayo kwa bahati nzuri nayo usipoiambia POST iliyokwishatoka haiirudii. Sina neno nayo kwa skripti ndogo.

Namba 5 axios. Nzuri ya kufanya upya tokeni ya Daraja, ule ufunguo wa muda unaoisha kwa saa moja, kwa sababu waweza kunasa kila ombi kabla halijatoka. Weka timeout, kwake sifuri maana yake milele.

fetch tupu sijaipa namba. Kumbuka tu kwamba 404 (hakuna kitu hapo) na 500 kwake ni majibu ya kawaida, hairushi kosa, utaandika "malipo yamekubali" na hayajakubali.

Kabla hujachukua yoyote ijaribu kama unavyojaribu mashini ya boti, na uulize spea na fundi. Fundi ni wale wanaoitunza: toleo la mwisho lilitoka lini, malalamiko yajibiwa au yameachwa? Ile request ya npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, ilistaafishwa Februari 2020 na bado wako watu wanaifunga kwenye miradi mipya, wallahi sijui kwa nini. Spea ni vifurushi inavyovivuta. Mwaka 2016 left-pad, kijifurushi cha mistari 11, kilitolewa npm na miradi kibao ikavunjika, na 2018 kifurushi kingine, event-stream, kilikabidhiwa mtu mpya kikatiwa programu ya kuiba pochi za bitcoin. Jaribio lenyewe ni rahisi, iwekee laibrari muda usiofika sekunde 10 uielekeze kwa httpbin.org/delay/10, inayochelewesha jibu sekunde 10, uone kama yakata, alafu /status/503 (seva haipatikani) uone kama yakuambia, alafu zima data katikati ya ombi. Leseni ya MIT, BSD au Apache 2.0 wauza kazi yako bila wasiwasi, GPL isome vizuri kwanza.

Mwisho kabisa nimeviweka vile vifurushi vya M-Pesa vilivyotengenezwa na mtu mmoja mmoja. Vingine vizuri, lakini ndivyo vinavyoshika consumer secret na passkey ya mteja wako, yani siri zake za Daraja. Vingi ni vya faili chache tu, visome vyote, na ukikuta siri zinaandikwa kwenye logi achana nacho, maombi matatu manne ya Daraja waweza kuyaandika mwenyewe kwa ky au httpx kwa jioni moja.

Wa Flutter, wanaojenga app za simu, dio kama una tokeni za kuzungusha, http ya kawaida kama huna, na zote mbili muda wa kungoja uweke wewe.