Mastodon kwa masikio ya asiyeona: nyota nne

Mimi sioni. Mitandao ya kijamii naitumia kwa masikio, kwa visoma skrini, yaani programu zinazosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini: NVDA kwenye kompyuta, TalkBack kwenye simu. Kwa hiyo msinitegemee kwenye habari za rangi na mpangilio wa kurasa. Ninachopima hapa ni mambo mawili tu. Je, Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter, inasomeka kwa kisoma skrini? Na je, mtu mwenye ulemavu anaweza kukaa humo bila kuandamwa?

Wengi wetu tulifika huko baada ya kufurushwa kwingine. Twitter ndiyo ilikuwa baraza letu. Mwaka 2016 wanaharakati Alice Wong, Gregg Beratan na Andrew Pulrang walianzisha kampeni ya #CripTheVote, na wapiga kura wenye ulemavu nchini Marekani wakapata pa kujadiliana hadharani kuhusu sera za wagombea. Mwaka huohuo Twitter ikaruhusu watu kuambatanisha maelezo ya picha, maandishi ambayo kisoma skrini humsomea asiyeona. Kisha, Novemba 2022, siku chache tu baada ya Elon Musk kuinunua, timu iliyoshughulikia mahitaji ya watumiaji wenye ulemavu ikavunjwa. Januari 2023 programu za watengenezaji wa nje zikakatwa bila taarifa. Anayeona huenda alihesabu hilo kuwa usumbufu mdogo, akapakua programu rasmi akaendelea. Lakini wasioona wengi walikuwa wakiutumia mtandao huo kupitia programu za nje hasa, kama Twitterrific kwenye iPhone, kwa sababu watengenezaji wake waliwafikiria watu wanaosikiliza. Zilipokatwa, walipoteza mlango wao wa kuingilia.

Mastodon imejengwa tofauti. Haina mmiliki mmoja. Ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na msimamizi wake, zinazowasiliana, na mtu yeyote anaweza kuitengenezea programu. Kwenye kompyuta natumia TWBlue, iliyobuniwa kwa ajili ya wasioona tangu enzi za Twitter. Kila kitu hufanyika kwa kibodi: kusoma, kujibu, kurudi nilikoishia. Kwenye simu nina Tusky, na TalkBack inaisoma vizuri. Machapisho huja kwa mfuatano wa muda, kwa hiyo siburutwi huku na kule na mashine inayonichagulia cha kusikia.

Kilichonifurahisha zaidi ni maelezo ya picha. Nafasi ni herufi 1,500, na watu wanaitumia. Anayeweka picha bila maelezo hukumbushwa na wenzake, mara nyingi kwa upole. Niliwahi kukuta picha ya njia ya viti vya magurudumu iliyojengwa ikaishia kwenye ngazi. Aliyeiweka alikuwa ameeleza yote: mteremko, reli ya kushikilia, kisha vidato vitatu mbele ya mlango. Nilikasirika papo hapo pamoja na wengine wote, nikachangia hoja yangu, bila kumwomba mtu anisimulie mzozo ukiwa umeshapoa. Kwangu huko ndiko kushiriki.

Upande wa usalama, nina sababu ya kuwa mkali. Kwenye jukwaa jingine, ambalo silitaji, mtu alinifuata chapisho kwa chapisho akitaka nithibitishe kwamba kweli sioni. Nikaripoti, majibu yakawa ya mashine. Kwenye seva niliyopo sasa msimamizi ni binadamu ninayeweza kumwandikia, na ana uwezo wa kukata uhusiano na seva nzima inayolea matusi. Kila chapisho naweza kulifungia kwa wafuasi wangu pekee. Linganisha na X, jina jipya la Twitter, ambako tangu Novemba 2024 mtu uliyemzuia anaweza kuendelea kusoma machapisho yako ya wazi. Anayejua ratiba yako ya kliniki kwa kusoma tu hahitaji kukujibu ili akudhuru.

Hata hivyo, kufichwa na kujificha ni mambo mawili. Mwaka 2019 chombo cha habari cha Ujerumani, Netzpolitik, kilifichua kwamba TikTok ilikuwa ikizuia video za watu walioonekana kuwa na ulemavu zisisambae, eti kuwakinga na uonevu. Kampuni ilikiri. Waonevu wakaachwa na majukwaa yao, walengwa wakazimwa sauti! Ndiyo maana nathamini sana kwamba kwenye Mastodon uamuzi wa nani anione ni wangu.

Sasa kasoro, na hii ya kwanza inaniuma. Watu tunaotaka watusikie hawako humo. Waandishi wa habari wengi, wizara, kampuni za usafiri: wamebaki kwenye majukwaa makubwa. Unaweza kuandika malalamiko yenye hoja nzito kuhusu basi lisilo na tangazo la sauti, ukaungwa mkono na watu mia wanaolijua tatizo tayari. Halafu kuna kuchagua seva, jambo linalomchanganya mgeni. Soma kanuni zake na uulize nani anaisimamia, maana seva ndogo yaweza kufungwa mwenyewe akichoka. Ukihama, wafuasi unaweza kwenda nao, lakini ulichoandika kinabaki kule.

Akaunti yangu ya zamani sijaifuta. Naiingia wakati wa kampeni, natuma ujumbe kwa wahusika, natoka. Mazungumzo ya kila siku nimeyahamishia Mastodon, na kwa asiyeona mwenzangu naipendekeza bila kusita. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku machapisho yatakapoweza kuhama pamoja na mwenyewe.