Spesa ya inhela ya mwanangu, na yule kijana wa famasia

Yani mtu anachukua maski ambayo mtoto wangu wa miaka minne anabanwa nayo puani na mdomoni pumu ikimshika, anaiweka mdomoni mwake mwenyewe, bila kuifuta, anapuliza fuuu, alafu ananirudishia na kuniambia "si unaona mama inapitisha, tatizo wewe hujui kutumia". Mbele ya foleni nzima. Tena sio kiduka cha uchochoroni, ni famasia kubwa katikati ya mji hapa Mwanza, ina AC na kaunta za vioo. Imepita muda kidogo sasa na bado nikikumbuka mikono inanitetemeka.

Kwa ambao hamjawahi kuuguza pumu, naongelea spesa, lile kopo refu la plastiki unachomeka inhela, kile kichupa cha dawa ya pumu cha kubonyeza, upande mmoja na upande wa pili kuna maski ya mtoto. Inhela peke yake ukimpulizia mtoto mdogo mdomoni ni kupoteza dawa tu, inatoka kwa kasi, yeye hajui avute saa ngapi, nyingi inagonga ulimi na koo inaishia hapo, anakohoa analia anasema chungu. Ukitumia spesa dawa inatulia kwanza ndani ya kopo, mtoto anahema tu kawaida mara tano au sita inaingia kifuani inakotakiwa. Mi wa kwangu kabla ya spesa tulikuwa tunakesha, kipindi cha vumbi ndo usiseme, huku kwetu Igoma kiangazi kikikolea vumbi linaingia mpaka ndani ya neti, ukichanganya na moshi wa mkaa wa majirani basi saa nane usiku unasikia kifua kinapiga filimbi. Nesi wa kituo cha afya ndo alitufundisha, Mungu ambariki yule dada, akanifanya nirudie mbele yake mpaka nikapatia: tikisa inhela kwanza, bonyeza mara moja tu, usibonyeze mbili kwa pamoja, maski ishike uso isiachie hewa pembeni, ahesabiwe pumzi, ndo ubonyeze tena. Na kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni, unaiacha ikauke yenyewe, usisugue na kitambaa maana ile plastiki ukiisugua inapata umeme fulani unaovuta dawa ikagandia ukutani. Kwa hiyo kijana wa watu usiniambie mi sijui kutumia. Usiniambie kabisa.

Sasa ile ya kwanza ilikuwa imechoka, hivi vitu vina umri wake, mwaka hivi ukifika unatakiwa kubadilisha, nikajibana nikaenda mjini nikanunua mpya, elfu thelathini na kitu, kwangu mi hiyo sio hela ndogo. Nikaiosha, ikakauka, ikakaa tayari. Usiku akabanwa. Natikisa, nabonyeza, naona kabisa kawingu ka dawa kamesimama ndani ya kopo, mtoto anavuta na kale kawingu hakaendi popote! Kuna kiplastiki chembamba ndani, valvu, akivuta inatakiwa ifunguke dawa ipite, akitoa pumzi ijifunge. Ilikuwa imeganda. Imeshikamana, haichezi. Mtoto anavuta maski inamng'ang'ania usoni na macho yanamtoka. Mama yeyote anajua ile hali, sitaki hata kuielezea.

Kilichotuokoa ni chupa ya maji. Ndio, chupa tupu ya nusu lita. Yule yule nesi alishawahi kutuonyesha, unatoboa kitako kwa waya wa moto wenye umbo la mdomo wa inhela, unaichomeka ikabane vizuri, pembeni unaziba na gundi, mtoto anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Niliyotengeneza zamani ilikuwa bado juu ya kabati. Na msidhani ni mambo ya kubahatisha, madaktari wa hospitali ya watoto ya Red Cross kule Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa kweli, majibu yakatoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1999, chupa ya nusu lita iliyozibwa ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha foma ndo kilishindwa. Baada ya muda kifua kikaanza kufunguka, akalala. Mi sikulala.

Asubuhi nikapanda daladala na boksi langu na risiti. Namuelezea yule kijana kwa upole, shikamoo sikutegemea maana ni mdogo wangu na siku hizi ni bahati, ila hata kuniangalia machoni hakuniangalia, anachezea simu. Nikamwambia kaka valvu imeganda, naomba mnibadilishie. Ndo akafanya ule uchafu wake. Kwanza kupuliza kule hakupimi kitu chochote! Kwenye maski kuna katundu kengine ka kutolea pumzi, ukipuliza hewa inatokea pale, lazima ipite tu, ni mlango wa banda la kuku unaosukumwa upande mmoja. Ubovu uko kwenye kuvuta. Nikamwambia vuta sasa. Akacheka. Akasema "mama hivi vitu hata sio lazima, mbona watu wanapiga tu mdomoni wanapona". Wewe si ndo uliniuzia? Alafu akaninyooshea kidole kile kikaratasi chao ukutani, bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Kuna mama mmoja mtu mzima kwenye foleni akamwambia mwanangu mbadilishie mwenzio, hiyo ni pumzi ya mtoto. Akamjibu "bibi subiri zamu yako". Bibi! Mtu wa umri wa mama yake anajibiwa hivyo. Nikaondoka maana ningebaki pale ningelia mbele yake na sikutaka anione.

Kwa hiyo nilikuja hapa kusema msinunue hizi spesa, nyota moja, basi. Ila haki ni haki. Nilishuka Buzuruga nikaingia kwenye duka la dawa dogo tu, binti wa pale akanipa kiti, akatoa spesa ya kampuni ile ile, boksi lile lile, akavaa glavu, akasema dada ngoja tuangalie valvu kwanza kabla hujatoa hela yako, akaishika kwenye mwanga akaigusa na kijiti kisafi nikaona inacheza. Na ikawa bei rahisi kuliko kule mjini. Mpaka leo inafanya kazi vizuri mno, juzi upepo wa ziwani ulivyokuja na vumbi alibanwa kidogo, pumzi sita, akarudi kucheza. Hicho kifaa ni kizuri jamani, kwa mtoto mwenye pumu nasema nunueni hata kwa kukopa.

Lakini hapo hapo najiuliza kiwandani huko wanakagua nini mpaka valvu iliyoganda inapakiwa kwenye boksi na kuvuka bahari mpaka Mwanza? Kitu cha pumzi! Ingekuwa redio sawa. Hapo nakosa kabisa cha kuwatetea. Nyota nne nilitaka kutoa, natoa tatu, na ile famasia sitoi hata nusu.

Ile mbovu bado ninayo. Maski yake nimeitupa, nyie hata kwa maji ya moto nisingeweza kumvalisha mwanangu. Kama kuna anayejua wapi hapa Mwanza wanauza maski peke yake ya saizi ya mtoto wa miaka minne aniambie, maana nataka niwe na ya akiba ya hii nzima, na kununua spesa nyingine nzima kwa ajili ya maski sina hiyo hela.