Pakiti ya mraba wa Mwenge: pamba nzuri, bendera si yake

Pakiti hii inauzwa shilingi 12,000 kwenye duka la vitambaa upande wa soko la Mbuyuni, Moshi. Ndani mna vipande vilivyokwisha kukatwa vya mraba mmoja wa viraka wa sm 30: bendera ya taifa kwa chini, Mwenge wa Uhuru wa kubandika katikati, na utepe uliotariziwa "9 Desemba 1961".

Kitambaa ni pamba tupu, kinashika mkunjo wa pasi vizuri. Mwenge umeshawekwa gamu kwa nyuma na miali yake imekatwa safi hadi nchani. Ubandike kwa pasi, kisha uzungushie zigizaga ya karibukaribu kwa sindano namba 14.

Kasheshe iko kwenye mshazari. Mraba huu kabla ya kushonwa una sm 31.5 kila upande, kwa hiyo kutoka pembe hadi pembe ni kama sm 44.5. Ukanda mweusi wa kwenye pakiti una sm 42 tu! Hata uuweke katikati kwa kipimo, pembe mbili zinabaki na tundu ambalo mshono wa sm 0.75 hauwezi kulificha. Kata mwingine wa sm 46, upana sm 6.5. Halafu pembetatu za kijani na bluu zimekatwa mshazari upande mrefu, na upande huo huvutika. Zitie wanga, uzipige pasi bila kuburuta, na wakati wa kushona pembetatu ikae chini na ukanda wa manjano juu, ili meno ya cherehani yaimeze ile ziada.

Lakini kwa nini bendera hii? Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni Kibo, Mlima Kilimanjaro, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, ilikuwa bendera ya Tanganyika: milia ya kulala, kijani, nyeusi na kijani, yenye manjano membamba katikati yake. Bluu iliingia mwaka 1964, baada ya Muungano na Zanzibar. Aliyebuni mraba huu ameunganisha tarehe moja na bendera nyingine, na mtu anayeijua historia ataliona hilo kabla hajautazama mshono.

Dawa ni kununua robo mita ya kijani na kushona milia iliyonyooka. Kata vipande vyote urefu wa sm 31.5: kijani viwili vya upana wa sm 13, manjano viwili vya sm 2.5, cheusi kimoja cha sm 6.5. Vikishashonwa vinatoa sm 31.5, na mraba ukishaunganishwa na mingine unabaki sm 30 kamili; hakuna mshazari wa kukusumbua. Bluu itunze kwa pindo.

Kabla ya yote, loweka cheusi peke yake kwenye maji baridi, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Rangi yake inachuja, na ikishalishika manjano haitoki tena.